Mawe ya Kusagia Yakipungua: Neno Juu ya Meno ya Bandia

Somo: Mhubiri 12:1–7



Yule Mhubiri wa Yerusalemu, alipotaka kuwaonya vijana juu ya siku za uzee, alijenga nyumba mbele ya macho yao. Katika nyumba hiyo walinzi watetemeka, nao ndio mikono. Wenye nguvu wainama, nao ndio miguu. Wachunguliao madirishani waona giza, nao ndio macho. Na ndani wamo wanawake wa kusaga, nao waacha kazi yao kwa kuwa wamebaki wachache. Tangu zamani walimu wengi wamefahamu ya kuwa wanawake hao ndio meno.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa sana mfano huo. Usukumani, kabla ya mashine za kusaga kufika, jiwe la kusagia lilikuwa moyo wa nyumba. Jiwe likipasuka, ghala iliyojaa mtama haikumshibisha mtu. Ndivyo ilivyo kwa kinywa. Ziwa laweza kujaa sato na shamba laweza kujaa mahindi, lakini asiye na kitu cha kusagia hukaa karibu na shibe asiipate.

Wengi hudhani ya kuwa maneno hayo yawahusu vikongwe tu. Lakini wasagaji hawaondoki wote siku moja. Huanza kuondoka mtu akiwa na miaka 40 au 50, yu katikati ya kazi yake, watoto wako shuleni, wazazi wamtegemea, na usharika wamhitaji. Mtu huyo wa makamo ndiye ninayetaka kusema naye mwezi huu.

Maana jambo hili halisemwi vikaoni, bali laumiza. Tuseme yuko mwalimu wa usharika ambaye meno yake ya mbele yamekwisha kuondoka. Akisoma somo, herufi ya s na ya f hutoka kama upepo, na watoto wa nyuma hucheka. Basi huanza kumpa mwenzake kitabu, kisha humpa na mahubiri, na mwisho hujiuzulu akisema amechoka. Hakuna ajuaye ya kuwa sababu ni meno manne. Au tuseme yuko mama auzaye dagaa Mwaloni, Kirumba, ambaye magego yamekwisha. Nyumbani hupika chakula kwa wote, lakini yeye mwenyewe hunywa uji na mchuzi, akisema hana njaa. Watu kama hao wanajiuliza usiku: Je! niyang'oe yaliyosalia, nitiwe meno ya bandia? Je! fedha nitapata wapi? Je! si kiburi kwa mtu wa umri wangu? Maswali hayo yastahili jibu.

1. Jino lililochoka si hukumu

Kwanza tuondoe hofu. Wako wasemao ya kuwa jino huliwa na mdudu, tena mdudu aliyetumwa na adui. Wengine husema ya kuwa Mungu amemwadhibu mtu kwa dhambi ya siri. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyekosa, naye Bwana akalikataa swali lao (Yohana 9). Basi na sisi tusiliulize kwa habari ya meno.

Sababu zake zajulikana. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa katika utando ulio juu ya jino. Tukila vitu vya sukari, navyo hula, na kitokacho kwao ni asidi iliayo jino hata likatoboka. Chai yenye sukari nyingi ikinywewa kidogo kidogo kutwa nzima, na soda, na peremende, huvipa vijidudu hivyo karamu isiyokwisha. Tena utando huo usiposuguliwa hugeuka kuwa ukoga mgumu penye fizi. Fizi huvimba na kutoa damu, na mfupa ushikao jino hupungua pole pole, mara nyingi pasipo maumivu, hata jino zima lisilo na tundu lalegea kama mti wa ukingoni ambao udongo wake umechukuliwa na maji. Tumbaku huzidisha madhara hayo. Kisukari nacho huyazidisha. Na mara nyingine fizi zilizovimba na meno yaliyolegea ndizo habari za kwanza za kisukari ambacho mwenyewe hakijui. Kwa hiyo mtu wa makamo aonaye mambo hayo na apimwe sukari, asitazame jino peke yake.

Tena kuna madhara ambayo mwenyewe hakuyachagua. Baadhi ya visima vya Usukumani, upande wa Shinyanga na Simiyu, vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani laweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na visima vingine vyaupita mpaka huo mbali sana. Maji ya Ziwa yenyewe yana kidogo. Magadi yatiwayo katika maharage nayo yaweza kuongeza. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yanapoumbika chini ya fizi huota meno yenye madoa ya kahawia, na penye madhara makubwa hata gamba la jino humeguka. Ajabu ni kwamba madini hayo hayo, kwa kiasi kidogo katika dawa ya mswaki, hulilinda jino. Basi yule aliyekulia penye kisima kibaya asilaumiwe na mtu. Nabii Ezekieli katika sura ya 18 aliwakemea watu waliozoea kusema ya kuwa baba alikula zabibu chungu na mtoto akaingiwa na ganzi ya meno. Alikataa mtu asihesabiwe hatia ya mwingine, nasi tukatae.

2. Usiharakishe kung'oa, wala usichelewe

Katika Mithali 25:19 twafundishwa ya kuwa kumtegemea mtu asiye mwaminifu wakati wa taabu ni sawa na kutegemea jino lililovunjika. Aliyeandika hayo bila shaka alijua maumivu ya jino. Mfano wake watufundisha kulipima jino kama tumpimavyo rafiki: asiye mwaminifu tusimtegemee, lakini mwaminifu tusimfukuze kwa kosa moja.

Mtu aliyeumwa usiku kucha hufika hospitali na neno moja tu: Ng'oa. Lakini jino la mtu mzima likiisha kung'olewa halirudi. Wala haliondoki peke yake. Mfupa wa taya uliolishika hupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha kidogo kidogo maisha yote. Na taya la chini hupungua kuliko la juu. Ndiyo sababu uso wa kibogoyo hufupika, midomo ikaingia ndani, na kidevu kikakaribia pua.

Basi kabla ya kuuliza habari za meno ya bandia, uliza swali lililo mbele yake: Je! jino hili limekwisha kweli? Jino lenye tundu laweza kuzibwa. Jino ambalo kiini chake kimeoza laweza kutibiwa mzizi, likabaki mahali pake miaka mingi. Fizi zilizovimba zaweza kutulia ukoga ukiondolewa na mtu akishika mswaki asubuhi na jioni. Mwanza pana hospitali kubwa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Nenda huko, au kwa daktari wa kinywa na meno aliye karibu nawe, ukamwulize: Lipi laweza kuokoka, na lipi haliwezi?

Tena si kila pengo lidailo kuzibwa. Mtu mzima ana meno 32 yakikamilika. Huko Japani, tangu mwaka 1989, watu wahimizwa kufika miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe, kwa maana mwenye 20 aweza kutafuna karibu vyakula vyote. Na hapa kwetu Tanzania watu wazima waliopoteza magego ya nyuma walichunguzwa, na habari zao zilichapishwa mwaka 2003. Ilionekana ya kuwa mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yakutanayo, hutafuna vya kutosha. Bali yule aliyebakiwa na jozi mbili tu za magego madogo, au pungufu, hutaabika sana, hasa kwa chakula kigumu. Basi, ndugu uliyepoteza gego moja au mawili, huenda dawa yako ni mswaki na shukrani, wala si meno ya bandia.

Lakini upande wa pili nao ni kweli: usichelewe. Jino lililokufa, lenye usaha, si mali ya kutunzwa. Usaha waweza kushuka shingoni ukaziba pumzi, au kuingia katika damu. Watu wamekufa kwa sababu ya jino moja. Asiyekubali kuachana na jino la namna hiyo hamheshimu Muumba wake, bali aweka adui ndani ya nyumba.

3. Meno ya bandia ni nini, na si nini

Ikiwa meno yamekwisha kweli, njia zilizo mbele yako ni nne. Ya kwanza ni kukaa na pengo. Ya pili ni meno ya kuvaa na kuvua, yaliyopangwa juu ya bamba la plastiki ngumu lenye rangi ya fizi; hayo yaweza kuwa ya sehemu ya kinywa au ya kinywa chote. Ya tatu ni daraja, lishikwalo na meno yaliyo kando ya pengo. Mmeliona daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, jinsi lilivyohitaji nguzo imara ili magari yavuke ghuba bila kivuko. Daraja la kinywani ni vivyo hivyo: likiwekwa juu ya meno yaliyolegea, huanguka pamoja nayo. Ya nne ni kupandikiza skrubu za titani katika mfupa wa taya na kuweka jino juu yake. Njia hiyo ni imara, lakini gharama yake ni kubwa kuliko zote.

Wengi wetu tutachagua kati ya pengo na meno ya kuvaa. Basi ni lazima kusema kweli juu ya meno hayo, maana watu wengi huyanunua kwa tumaini la uongo, kisha huyafungia sandukuni.

Meno ya bandia ya kinywa chote si meno yaliyorudi. Nguvu yake ya kutafuna ni kama robo ya nguvu ya meno ya asili, au pungufu. Mwenye kuyavaa atakula ugali na samaki, na wali, na nyama iliyopikwa ikalainika. Lakini mahindi ya kuchoma na michembe mikavu huenda akaviaga, na muwa atauomba ukatwe vipande vidogo. Majuma ya kwanza mate humjaa kinywani, ulimi hauna nafasi, na maneno hugongana. Aliye mwalimu na asome zaburi kwa sauti nyumbani kila siku, mpaka ulimi ujifunze njia yake mpya. Aanze kwa chakula laini, akate vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisiinuke. Yakimchubua, arudi kwa daktari ayarekebishe. Asiyakwangue kwa kisu, wala asiyaunge kwa gundi ya dukani yanapovunjika.

Meno ya juu hushika kwa urahisi kuliko ya chini, kwa kuwa kaakaa ni pana. Ya chini huteleza, kwa maana yakaa juu ya ukingo mwembamba tu, na ulimi huyasukuma. Kwa sababu hiyo madaktari hujitahidi kumwachia mtu hata meno machache ya chini yenye afya, yapate kulishika bamba. Hii ni sababu nyingine ya kutong'oa yote kwa hasira ya siku moja.

Usiku yavuliwe, fizi zipumzike, nayo yalazwe katika maji safi yasiyo moto, kwa kuwa maji ya moto huyapinda. Yasuguliwe kila siku juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka mkononi yasivunjike. Asiyeyasafisha, au alalaye nayo, hupata ukungu na wekundu katika kaakaa. Na kwa kuwa mfupa wa taya waendelea kupungua, meno yaliyokaa vema mwaka huu yatalegea baada ya miaka kadhaa, nayo yatahitaji kujazwa upya au kubadilishwa. Kwa hiyo auliziaye bei na aulize pia bei ya kuyatunza. Na mwenye bima ya afya aulize kwanza ni kiasi gani italipa.

4. Je! ni uongo? Je! ni kiburi?

Sasa twafika penye dhamiri. Mwingine husema: Mungu ameniondolea meno, kuweka mengine ni kumsahihisha. Lakini Katekismo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529, yatufundisha katika sehemu ya kwanza ya Imani ya kuwa Mungu ametupa mwili na viungo vyote, tena ya kuwa hata sasa anatutunza. Atutunzaje? Kwa mvua na kwa mkulima. Kwa dawa na kwa mganga. Mwaka 1527, tauni ilipofika Wittenberg, Luther aliandika waraka akiwaonya watu wasiodharau njia za Mungu kwa kukataa dawa. Mkongojo wa mzee si uasi. Miwani ya msomaji si uasi. Basi na meno ya bandia si uasi.

Mwingine husema: Ni uongo, kwa kuwa yaonyesha kisichokuwapo. Hapa tupambanue. Uongo ni kumficha mtu jambo analostahili kulijua. Mke na mume wasifichane. Na daktari anayetaka kukupasua ni sharti aambiwe, maana meno hayo hutolewa kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, yasije yakaziba njia ya pumzi. Lakini mpita njia hana haki ya kuhesabu magego yako. Kumwonyesha tabasamu si kumdanganya.

Mwingine husema: Ni kiburi. Yawezekana. Katika 1 Samweli 16 Mungu amfundisha nabii asimpime mtu kwa sura yake. Mtu mwenye meno mazuri akiyang'oa ili apate meupe zaidi, huyo amevunja nyumba nzima kwa kutaka rangi ya mlango. Lakini kiburi chaweza pia kukaa upande wa pili. Mwalimu yule aliyeacha kuhubiri kwa sababu ya pengo huenda adhani ya kuwa ni mnyenyekevu, kumbe anaitazama sura yake kuliko kazi aliyopewa. Ashike moja: ama avae meno ahubiri, ama ahubiri na pengo lake. Asinyamaze.

Kwa maana aibu ya pengo ni kitu kilichofanywa na wanadamu. Wazee wa Kijaluo wa Rorya, na wa ng'ambo ya mpaka huko Kenya, waling'olewa meno sita ya mbele ya chini walipokuwa vijana, na pengo hilo lilikuwa heshima, alama ya mtu wa jamaa. Desturi hiyo imeachwa, wala hatuirudishi. Lakini yatukumbusha ya kuwa kinywa kile kile kilichochekwa mahali pamoja kilisifiwa mahali pengine, kando ya ziwa hili hili. Mungu hakuweka heshima ya mtu katika meno yake.

5. Nani atalipa?

Swali lililo zito kuliko yote ndilo hili. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko, mnyama yule tumjuaye hapa ziwani, pamoja na madini, tena na meno ya wanadamu. Na katika hesabu za shamba lake za mwaka 1784 yameandikwa malipo waliyopewa watumwa kwa meno 9, kwa ajili ya mganga wa meno. Baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yalikusanywa yakauzwa Ulaya, ili matajiri wapate kutafuna.

Siku hizi meno hutengenezwa kwa plastiki ngumu, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930, wala hatuchukui jino la mtumwa. Lakini tusijisifu upesi. Baba akinunua meno kwa ada ya shule ya mtoto, ilhali pengo lake halimzuii kula wala kusema, je! hakuyatoa meno hayo kinywani mwa mtoto? Mtu akikopa kwa riba mpaka nyavu zake zikachukuliwa, familia nzima italala njaa ili mmoja acheke.

Geuzeni na upande wa pili. Nyumba iliyochangia arusi tatu mwaka huu, ikanunua nguo mpya kwa kila moja, kisha ikamwambia mama yao ya kuwa hakuna fedha ya meno, nyumba hiyo imekula kwa kinywa chake. Yeye amewatafunia chakula walipokuwa wachanga. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini Mungu alijua.

Basi, wewe uliye njia panda, jiulize mambo matatu mbele za Mungu. Je! naweza kula chakula kinitoshacho? Je! naweza kusema na kuifanya kazi yangu? Je! gharama hii itamwangukia nani? Ukiwa unakula, unasema, na fedha ni za watoto, kaa na pengo lako kwa amani. Ukiwa huli au umenyamaza, na nyumba yaweza kulipa hata kwa kuchangiana, vaa meno kwa amani. Hapana amri ya Mungu katika hili, wala hapana katazo; pana upendo na akili. Aliyechagua hili asimhukumu aliyechagua lile.

6. Kazi ya usharika

Walimu na wazee wa kanisa, nanyi mna sehemu yenu. Barzilai alipokuwa na miaka 80 alimwambia mfalme Daudi ya kuwa hawezi tena kuonja utamu wa chakula (2 Samweli 19). Daudi hakumcheka, alimbusu, akambariki, akamtimizia haja yake. Fanyeni vivyo. Katika karamu za usharika pikeni na chakula laini, samaki aliyetolewa miiba, viazi vilivyopondwa, ili mzee asikae mbele ya sahani kama mgeni. Kemeeni dhihaka ya neno kibogoyo linaposemwa kwa kumwumiza mtu.

Yule akaaye Ukerewe au visiwa vya mbali, msimwache aende Mwanza peke yake kung'olewa meno. Mpeni mtu wa kumsindikiza na mahali pa kulala, kwa maana kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja: fizi hupewa majuma kadhaa zipone, vipimo huchukuliwa, kisha hurudi kurekebishwa. Mwonyeni ajiepushe na mafundi wasio na elimu, wabandikao jino kwa bei rahisi mitaani. Wengi wameharibiwa meno mazima yaliyokuwa kando ya pengo. Na katika mafundisho ya kipaimara wafundisheni vijana mswaki wa asubuhi na jioni na kupunguza sukari. Mhubiri alinena na kijana kwa sababu hiyo: yapo mambo yafanywayo mapema, au hayafanywi.

Ndugu zangu, tusidanganyike. Hata meno yaliyo bora yatakuwa ya miaka michache. Mhubiri aendelea mpaka mavumbi yarudipo nchini, na roho kwake aliyeitoa. Lakini sisi twakiri ufufuo wa mwili, wala si wa roho tu. Yeye aliyetengeneza kinywa kwa mara ya kwanza hatashindwa kukitengeneza tena. Kwa hiyo mtu wa makamo aweza kuutunza mwili wake pasipo kuuabudu, na aweza kuuona ukichakaa pasipo kukata tamaa. Na hata siku ile msagaji wa mwisho atakapoondoka, Meza ya Bwana itabaki wazi kwake. Mkate wa Meza ile haudai magego. Wadai imani tu.

Bwana awape hekima ya kuamua, na furaha baada ya kuamua. Amina.